Benchi la Kupumzisha Damu

Vijana wenzangu wa maabara, siku ile ya kuniaga mliniomba niseme maneno. Nikasimama na kikombe mkononi, nikasema asanteni, nikakaa. Mkacheka. Jafari akaniambia, basi Mama Halima, yaliyokushinda kusema uyaandike. Haya, naandika, ingawa sina hakika kama mkono wangu una nguvu kuliko mdomo. Shule mimi niliiachia Senior Tu, kidato cha pili. Mkiona nimekosea jambo la kitaalamu mrekebishane nyinyi kwa nyinyi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kumsifu mtu kupita alivyostahili, au kumpunguzia, maana wengine wamekwisha kufa na hawawezi kujitetea.

Habari za vyeo nitaziruka, kwa kuwa havikuwa vingi. Mishahara pia, kwa sababu hiyohiyo.

Hospitali yetu hapa Arua sitaitaja jina, waliopo wanajijua. Niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa karo la kuoshea vyombo. Siku hizo vioo vya kupimia havikutupwa. Kioo kilichosomwa malaria asubuhi kilioshwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikapanguswa kwa kitambaa cha shati kuukuu, kikasomwa malaria nyingine mchana. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Siku ya kwanza niliosha bakuli zima nikajiona hodari, nikampelekea mkuu wa maabara, Mzee Aluma, Mlugbara mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akachukua kioo kimoja, akakiinua dirishani, akakitazama kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu.

“Binti,” akasema, “hii kioo iko na vidole yako. Mimi natafuta malaria. Sitafuti wewe.”

Akanirudishia bakuli lote. Niliosha tena, nikarudishiwa tena. Nilikwenda nyumbani Oli nikamwambia mama yangu sirudi kule. Mama akaniuliza kwa Kinubi chetu kama mzee amenitukana. Nikasema hapana. Kama amenipiga. Hapana. Akasema basi una nini, kalale. Kesho yake nikarudi, nikashika vioo kwa kingo kama mnavyovishika nyinyi leo, na nadhani hakuna kingine nilichokijua vizuri katika maisha yangu kama kushika kioo kwa kingo.

Lugha ya maabara ilikuwa Kiswahili, na si kwa kuwa mtu alipanga. Mgonjwa alikuja wa Koboko na Kikakwa chake, wa Sudan na Kiarabu, wa Kongo, wa Terego, na sisi watoto wa askari wa zamani tulikuwa na kile Kiswahili cha kambini. Basi tukakutana hapo. Mwalimu wa Kiswahili angelia kwa uchungu kutusikia, lakini hakuna mgonjwa aliyetoka pale bila kuelewa pa kukojoa na pa kutemea makohozi.

Hadubini yetu ilikuwa ya kioo cha chini, kinachookota mwanga wa jua. Siku ya mawingu hatukusoma, tuliosha. Kulikuwa na kioo kingine kinene chenye mistari midogo iliyochongwa, cha kuhesabia chembe za damu. Mzee Aluma alihesabu kwa maharagwe: jicho moja kwenye hadubini, mkono mmoja ukihamisha maharagwe kutoka kifuniko hiki cha kopo kwenda kile. Ukimsemesha katikati alimwaga yote akaanza upya, na wewe ulijua kwamba leo hutasalimiwa.

Ndipo alipoanza kunifundisha, sijui kwa nini mimi. Pengine kwa sababu niliyekuwa karibu ni mimi. Akanionyesha chembe nyekundu, akanionyesha nyeupe, halafu akaniambia nitazame vumbi. Kati ya zile nyekundu kulikuwa na vitu vidogo vidogo vinavyotetemeka na kumeta, nikadhani ni uchafu, nikaogopa kwamba sikuosha vizuri. Akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema hizo ndizo pleteleti. Mtu akijikata, hizo ndizo zinazokimbilia jeraha, zinashikana, zinaziba. Zikiwa chache, fizi zinatoa damu, ngozi inapata mabaka bila kupigwa, na mpasuaji akikukata damu haisikii amri.

Sasa nije kwenye benchi, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Nje ya mlango wa maabara palikuwa na benchi la mvule, zito, limelainishwa na makalio ya watu wa West Nile yote. Mzee Aluma alikuwa na desturi ambayo wauguzi hawakuipenda. Mgonjwa akifika hatolewi damu. Anakaa kwanza. Mzee anamwagia chai kwenye kikombe cha bati, anaanza kumsalimu: umeamkaje, nyumbani wameamkaje, muhogo umekubali, mvua mmeipata, njia ilikuwaje, umekuja na miguu au na baiskeli. Salamu hiyo ilikwenda mpaka chai ipoe na kunyweka. Ndipo anafunga mpira mkononi na kutoa damu. Aliyetembea kutoka mbali sana aliambiwa akalale kwa ndugu, aje kesho.

Wauguzi walisema ni uvivu. Nitakuwa mkweli: mara nyingine ulikuwa uvivu. Baada ya chakula cha mchana salamu zake zilikuwa ndefu kuliko za asubuhi. Lakini nilipomuuliza alinipa sababu nyingine. Alisema amewatazama watu wa baiskeli wa Vurra, wale waliovusha mizigo kutoka upande wa Kongo, wakaipandisha mpaka Arua huku wanasukuma. Wakitolewa damu wakiwa bado wanahema, pleteleti zao ni nyingi, na nyingine kubwa kubwa, kama wazee wa ukoo waliotoka nyumbani kuona kelele ni ya nini. Mtu huyohuyo akirudi kesho amelala, amekula, zimepungua.

Sikumwamini, na yeye aliona. Basi siku moja akajitoa damu mwenyewe akiwa amekaa, akanipa nihesabu. Halafu akapanda baiskeli yake, akaenda kule barabara ya Vurra, akapambana na miinuko, akarudi shati limelowa na miwani imeshikiliwa na uzi tu. Hakukaa. Akanyoosha mkono, hawezi hata kusema. Nikatoa. Nilipopaka tone kwenye kioo lilianza kushikana kabla sijamaliza kulivuta. Nikahesabu kwa maharagwe, nikarudia kwa kuwa sikujiamini. Zilikuwa zimepanda, na si kidogo.

“Kuna ghala,” akasema alipopata pumzi. Akaweka mkono chini ya mbavu zake za kushoto. “Bandama. Mwili inaweka zingine hapa. Ukikimbia sana, bandama inajikamua, zinamwagika njiani. Ukipumzika, zinarudi. Sasa wewe ukitoa damu ya mtu anahema, unahesabu ya njiani na ya ghala pamoja.”

Kama aliyasoma pahali au aliyagundua mwenyewe sijui, na sitaki kumpa sifa ya kugundua. Huenda kila daktari duniani aliyajua. Mimi niliyajua kwake.

Mzee Aluma alistaafu, akarudi kwao, tukamzika miaka kadhaa baadaye. Nilikwenda na kikombe kile cha bati nikiwa na nia ya kukiacha kaburini, nikaona aibu, nikarudi nacho. Kiko hapa mezani ninapoandika.

Maabara ikabadilika, na mimi si mmoja wa wale wanaosema zamani kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na siku za mawingu. Ilipokuja mashine ya kuhesabu damu, ile inayonyonya tone na kutema karatasi, nilifurahi mpaka nikaibusu kwa siri. Jafari alikuja nayo, au karibu wakati mmoja nayo: kijana wa diploma, mwepesi, msafi, asiyependa maneno mengi. Friji la akiba ya damu likahitaji nafasi mlangoni. Benchi likatolewa, likapelekwa getini kwa walinzi. Hakuna aliyekosea hapo. Friji liliokoa watu wengi kuliko benchi. Hata watu walikuwa hawaji tena kwa miguu. Walikuja na bodaboda, wanateremka vumbi tupu lakini hawahemi. Niliona jambo la bandama limepita na wakati wake, kama maharagwe.

Ilibaki desturi moja tu, nayo haikuwa ya maabara, ilikuwa ya watu. Mnaijua. Kwenye foleni yetu, aliyetoka mbali hupishwa. Mtu wa Oli au wa sokoni akimwona mwenzake ametoka Yumbe, ametoka Koboko, anasogea bila kuambiwa. Watu wa hapa wanaona haya kumwacha mgeni asimame nyuma yao. Nimeipenda desturi hiyo maisha yangu yote, na hiyo ndiyo iliyotuingiza matatani.

Palikuwa na mwanamke wa Koboko aitwaye Kiden, mpishi wa shule ya msingi, mwembamba, miguu kama ya korongo. Huyu alikuwa na ugonjwa wa magari. Akipanda gari lolote, hata kabla halijatoka stendi, anatapika. Alijaribu limau, alijaribu kunusa udongo, alijaribu kukaa mbele na dereva, akamtapikia dereva. Basi toka usichana aliamua kwenda kwa miguu, na kwa kuwa safari za miguu ni ndefu, akaanza kuzikimbia. Alikimbia kwenda msibani, alikimbia kwenda arusini. Kukiwa na mashindano ya barabarani alikuwa anashinda sufuria na mbuzi. Kutoka Koboko mpaka Arua aliondoka kabla ya jua, akafika mchana haujawa mkali, na watoto wa njiani walimjua kwa jina.

Sasa Kiden alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo. Mwanzoni ulikuwa kama limau, akaufunika na shanga. Halafu ukakua ndani, ukaanza kulibana koo. Sauti ikakauka. Alisema akilala chali anasikia kama mtu amemwekea kiganja shingoni. Wakaja wapasuaji wageni kwa siku chache, na jina lake likaingia kwenye orodha yao. Wakiondoka hawarudi karibuni. Alitakiwa afike kupimwa damu kwanza.

Alifika kwa namna yake. Foleni ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Alipotokea, jasho linachuruzika, viatu mkononi, watu wakaanza kunong’onezana kwamba huyu ametoka Koboko na miguu yake, na mzee mmoja wa kofia akaita kuelekea dirishani, “Mama, mupishe huyu. Huyu iko na safari kubwa kuliko sisi.” Foleni ikafunguka. Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, bado anahema, anacheka, anawashukuru. Nilifunga mpira, nikatoa. Jafari akaweka kwenye mashine. Kila kitu kilikuwa sawa. Pleteleti zilikuwa juu kidogo ya mpaka. Daktari wa wodi, binti mpole aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda, akaweka alama kwamba anafaa kupasuliwa.

Aliyesita alikuwa mtu wa dawa ya usingizi. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema ni mimi. Jioni hiyo alipokwenda wodini kumwona Kiden alikuta pale nilipofunga mpira pamefanya alama nyekundunyekundu kama za kuchomwa na sindano nyingi, na mapajani kuna mabaka. Kiden akasema ni kuanguka njiani. Akaulizwa kama fizi zinatoa damu akipiga mswaki, akasema nani fizi zake hazitoi. Mtu wa dawa ya usingizi akaagiza damu irudiwe asubuhi.

Asubuhi Kiden alitoka kitandani, akanyoosha mkono, nikatoa. Mashine ikatema karatasi. Jafari akaitazama, akaitazama tena, akaja kusimama karibu yangu.

“Mama Halima, jana ulitoa ya nani?”

Nikamwambia ya Kiden. Akauliza kama nina hakika. Mimi ni mtu wa kujitilia shaka hata kama nimefunga mlango wa nyumba. Lakini chupa niliandika mbele ya mgonjwa, kama mnavyonijua. Pleteleti zilikuwa zimeanguka chini kabisa ya pale ambapo mpasuaji anakubali kugusa shingo. Jafari alifikiri zimegandana ndani ya chupa, kwa sababu zikigandana mashine inazihesabu chache. Akapaka kioo, akatazama kingo zote. Hazikugandana. Zilikuwa chache kweli.

Tukawa na karatasi mbili za mtu mmoja, moja inasema kata, nyingine inasema usikate. Mpasuaji alikuja mwenyewe maabara, akasema kwa upole kwamba shingo si mguu; damu ikivuja ndani ya shingo inamnyonga mtu kabla hujamrudisha mezani. Anataka ajue ipi ni ya kweli.

Nikasema nilichokuwa nacho. Nilisema sina hakika, nilisema ni maneno ya mzee mmoja wa zamani, kwamba damu ya jana ilitolewa akihema. Nilisema hilo nikitazama sakafu. Yule daktari wa wodi hakunicheka. Alishika kichwa. Akasema, “Tulisoma hilo, bandama hujikamua, tulisoma mwaka wa pili, na mimi sikumshika tumbo.” Akaenda, akamlaza Kiden, akabonyeza chini ya mbavu za kushoto. Bandama ilikuwa imeteremka mpaka karibu na kitovu. Malaria ya miaka na miaka, ile isiyokuangusha, imeijaza. Ule mchomo wa ubavuni ambao Kiden aliuita mchomo wa wakimbiaji ulikuwa ni bandama. Ilikuwa inazimeza pleteleti zake na kuzifungia, akikimbia, inazitema. Kwa hiyo mashine haikudanganya jana wala leo. Daktari alikuwa na kitabu, Jafari alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na kikombe cha chai, na kila mmoja alikaa na chake.

Kiden alipoambiwa kwamba hapasuliwi safari hii, aliishika shingo yake kwanza. Halafu akasema kwa ile sauti yake iliyokauka, “Mama, kama mimi nakimbia, mimi iko mzima. Kama mimi nakaa, nyinyi nasema iko mgonjwa. Sasa mimi nikae kwa nini?”

Mpaka leo nikilifikiria swali hilo naona lilikuwa swali la haki.

Siku ya mwisho ya wapasuaji, asubuhi, mlinzi wa getini akaja kuniambia kuna mwanamke anatoka barabara ya Vurra anakimbia kama anafukuzwa. Alikuwa Kiden. Alikuwa ameondoka wodini alfajiri bila kuaga, akaenda mpaka yanapopanga foleni malori ya Kongo, akageuka. Akaja dirishani kwangu jasho linadondoka kwenye sakafu.

“Toa sasa,” akasema. “Sasa hivi. Iko tayari.”

Nilimwelewa. Alikuwa amekwenda kulitikisa ghala. Nami nilijua kwamba nikitoa sasa karatasi itakuja nzuri, na mpasuaji bado yupo, na mtu akiwa na karatasi nzuri mkononi na koo linalobanwa anaweza kumwomba mtu mpaka akubali. Nikamwambia akae. Akasema hakai. Nikatazama, hata pa kukaa hapakuwepo; pale palikuwa na friji.

Jafari alikuwa anasikiliza. Akatoka, akaenda getini, nikamwona kupitia dirisha anabishana na walinzi. Akarudi yeye na mlinzi mmoja wamebeba benchi la mvule, wanapumua kwa taabu, wakaliweka juani nje ya mlango.

“Tutoe mara mbili,” akaniambia. “Moja sasa, moja baadaye. Sisi tusimwambie kitu. Ajionee mwenyewe.”

Hilo lilikuwa lake. Mimi nisingelifikiria.

Nikatoa ya kwanza. Nikapaka kioo. Kisha nikamkalisha, nikamletea chai kwenye kikombe cha bati, nikakaa pembeni yake, nikaanza kumsalimu kama nilivyomsikia Mzee Aluma: nyumbani wameamkaje, muhogo umekubali, njia ilikuwaje. Alikuwa amekasirika, alijibu kwa neno mojamoja. Baadaye akachoka na hasira. Akaniambia kwamba watoto wa shule wanamwita twiga kwa sababu ya shingo, na anacheka nao. Akaniambia kwamba usiku analala amekaa, ameegemea gunia la maharagwe jikoni kwa shule. Akasema haogopi kisu. Anaogopa kurudi Koboko na shingo ileile. Chai ikapoa, nikaleta nyingine. Adhuhuri nikaenda kuswali, nikarudi, bado amekaa, amesinzia kichwa kwenye ukuta. Wagonjwa wengine walikaa naye hapo, wakasogezeana nafasi. Jua likaanza kuinama. Nikatoa ya pili.

Jafari aliweka vioo viwili, kimoja kimoja, kwenye hadubini. Kiden akainama. Kwenye cha kwanza alisema anaona kama vumbi la unga. Kwenye cha pili alitazama muda mrefu.

“Hawa wameenda wapi?”

“Wamerudi,” nikasema.

Hakuuliza wapi. Niliona mkono wake unakwenda wenyewe chini ya mbavu za kushoto, ukatulia pale.

“Na mimi nikikimbia nawatoa nje.”

“Unawatoa, mwanangu. Lakini kisu hakikati mtu anakimbia. Kinakata mtu amelala.”

Akakaa kwenye kiti changu. Hakulia. Aliuliza kama bandama inaweza kurudi ndani, Jafari akasema daktari ataeleza dawa, ni ya miezi. Kisha daktari akaja akaeleza, na katika kueleza akasema lile ambalo mimi nililiogopa zaidi ya rovu: asikimbie mpaka bandama ipungue, kwa sababu ikiwa kubwa hivyo mtu akianguka inaweza kupasuka. Na aje Arua kila mwezi kupimwa.

“Nije na nini?” akauliza Kiden.

Wote tulijua: na gari.

Wapasuaji waliondoka jioni hiyo. Kesho yake tulimpeleka stendi na kavera mfukoni, ile mifuko ya plastiki ya kutapikia, kavera nyingi.

Alikuja kila mwezi. Nataka mjue hilo nyinyi mnaodhani ushujaa ni kukimbia. Alikuwa anateremka kwenye gari uso wa rangi ya majivu, anamwomba msamaha kila abiria kwa zamu, anatembea taratibu mpaka maabara, na watu wakimpisha alikuwa anasema hapana, mimi nakaa. Anakaa kwenye benchi. Nani angelirudisha getini tena? Friji lilisogezwa. Mwezi baada ya mwezi ile hesabu ya damu iliyotolewa akiwa amepumzika ilipanda, polepole mno, mwezi mmoja ikashuka tukanuna wote, halafu ikapanda tena. Mwishowe daktari alipobonyeza, bandama alikuwa anaitafuta kwa vidole, imerudi juu chini ya mbavu. Wapasuaji waliporudi, alikuwa tayari. Damu aliyopoteza mezani, walisema, ilikuwa kidogo.

Siku yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka kwa keki na kwa hotuba yangu fupi. Mimi naikumbuka kwa asubuhi yake. Foleni ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Nikasikia watu wananong’ona, nikatazama nje. Kiden alikuwa anaingia getini, viatu mkononi, jasho linachuruzika, na shingoni kovu jembamba kama mkufu. Alikuwa amekimbia toka Koboko kuja kuniaga, na akaona kwa kuwa amefika apimwe pia mara ya mwisho na mkono wangu.

“Mupishe huyu,” mtu akasema. “Ametoka mbali.”

Foleni ikafunguka. Kiden akawashukuru wote, akapita mpaka mlangoni, na hakuingia. Akakaa kwenye benchi, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. Sauti yake sasa ilikuwa nzima.

“Mama Halima,” akaita, “leta chai. Halafu uniulize muhogo.”